Tumekubali, Lakini Je, Tumepokea?

Leo nakualika tutafakari neno moja ambalo huenda umelitumia mara nyingi tangu Jumapili iliyopita bila kulifikiria. Neno lenyewe ni "kukubali".

Ukipita stendi ya Bariadi, ukikaa kijiweni au ukienda mnadani, utalisikia. Kijana akivutiwa na mwimbaji anasema, "Yule jamaa namkubali sana." Muuza ng'ombe na mnunuzi wakivutana bei, mmoja hatimaye anasema, "Haya, nimekubali." Mahakamani mshtakiwa anaulizwa kama anakubali kosa. Timu ikifungwa tunakumbushana kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Ugomvi ukikolea nyumbani, wapatanishi humvuta pembeni yule mnyonge na kumnong'oneza, "Wewe kubali yaishe." Na siku ya ndoa, bwana na bibi harusi huulizwa swali mbele ya madhabahu, na kanisa zima hunyamaza likisubiri neno hilo hilo litoke midomoni mwao.

Neno ni moja, lakini mioyo inayolitamka haifanani. Bibi harusi anayekubali kwa furaha na mama aliyeambiwa akubali yaishe wametumia neno lile lile. Wa kwanza amefungua mlango wa moyo wake. Wa pili amechoka tu, au amezidiwa nguvu. Kwa hiyo si kila anayesema "nimekubali" amekubali. Na leo nataka tuende hatua moja zaidi, tuulize hivi: sisi tuliomkubali Kristo, je, tumewapokea watu wake?

Kibali tunachokiomba

Neno hili lina ndugu yake tunayempenda mno makanisani: "kibali". Serikalini kibali ni karatasi yenye muhuri. Huwezi kujenga mjini bila kibali, wala kusafirisha mifugo yako kwenda mkoa mwingine bila kibali. Kanisani kibali ni jambo la maombi. Tunafunga na kukesha tukiomba kibali kazini, kibali kwenye biashara, kibali kwa wakwe, kibali machoni pa wakubwa. Si vibaya. Mungu anajua kwamba mtu anahitaji kukubalika, na mtoto wa mkulima anayetafuta ajira bila kuwa na mtu wa kumshika mkono ana haki ya kumlilia Baba yake wa mbinguni.

Lakini soma habari za Esta, ambaye tunapenda kumtaja tunapoomba kibali. Ni kweli alipata kibali mbele ya mfalme. Je, kilikuwa cha kufanyia nini? Katika sura ya nne ya kitabu chake, Mordekai anamwonya asidhani kwamba yeye peke yake atapona kwa kuwa yumo ndani ya jumba la mfalme. Kibali cha Esta kilikuwa kwa ajili ya watu waliokwisha kuandikiwa kuuawa. Alikubaliwa na mfalme ili wengine waishi.

Jiulize, ndugu yangu. Katika maombi yako ya mwaka huu, umeomba kibali chako mara ngapi? Na umeomba mara ngapi ili mtu mwingine aliyekataliwa apate kibali machoni pako?

Neno lenye uso

"Kukubali" ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, na katika lugha hiyo mzizi wake hubeba maana ya kuwa mbele, au kuelekeana uso kwa uso. Ndiyo maana Kiswahili kina ukoo mzima wa maneno kutoka mzizi huo huo. Kukabili ni kumwelekea mtu au jambo bila kukwepa. Mkabala ni kuwa upande wa mbele, mnatazamana. Kabla ni kilichotangulia mbele. Kibla ni upande ambao Waislamu, jirani zetu, huuelekea wanaposali. Hata kabila limetoka humo.

Kwa hiyo, kwa asili yake, kukubali si neno la mdomo tu. Ni neno la uso. Anayemkubali mtu anamgeukia. Anayemkataa anageuza uso wake, hata kama mdomo unasema "karibu".

Biblia ya Kiebrania nayo inafikiri hivyo hivyo. Katika lugha hiyo, kumkubali mtu ni "kumwinua uso". Yakobo alipokuwa akirudi nyumbani baada ya kumdhulumu Esau, alitanguliza zawadi za mbuzi, ng'ombe na ngamia, akitumaini kwamba pengine kaka yake atamwinua uso. Msukuma au Mnyantuzu aliyewahi kupeleka ng'ombe kwenda kutafuta suluhu anaielewa habari hii kuliko wasomi wengi. Lakini angalia kilichotokea katika Mwanzo 33. Esau hakusubiri kuhesabu mifugo. Alimkimbilia ndugu yake, akamkumbatia, wakalia. Ndipo Yakobo akamwambia kwamba kuuona uso wake ni kama kuuona uso wa Mungu, kwa sababu amempokea kwa wema.

Mtu aliyezoea kukataliwa humwona Mungu kwenye uso wa yule anayemkubali. Hilo ni jambo zito. Maana yake ni kwamba uso wako unaweza kuhubiri, na unaweza pia kuifuta mahubiri yote ya mchungaji wako.

Kukubali unaweza ukiwa umeketi

Sasa tuje kwenye neno la pili, "kupokea". Kukubali unaweza kufanya ukiwa umeketi kwenye kiti chako. Kupokea lazima uinuke. Mgeni akitokea njiani na mzigo kichwani, katika kaya zetu mtoto hutumwa mbio kwenda kumpokea. Anaupokea mzigo kwanza, salamu zinafuata. Huwezi kumpokea mtu na kumwachia mzigo wake.

Paulo anapowaandikia Warumi, sura ya 15 mstari wa saba, anawataka wapokeane kama Kristo alivyowapokea wao. Neno la Kigiriki alilolitumia lina maana ya kumvuta mtu aje upande wako na kumfanya kuwa wa kwako. Waumini wa Rumi walikuwa wakibishana juu ya vyakula na siku, huyu anakula nyama, yule anakula mboga tu. Paulo hakuwaambia wavumiliane kwa mbali. Aliwaambia wavutane karibu.

Neno hilo hilo linatokea kwenye barua fupi ya Filemoni. Onesimo, mtumwa, alikuwa ameondoka kwa bwana wake. Sasa anarudi akiwa Mkristo, na Paulo anamwomba Filemoni ampokee kama ambavyo angempokea Paulo mwenyewe. Na kama kuna deni, Paulo anasema liandikwe juu yake. Hapo unaona tena habari ya mzigo. Anayetaka mtu apokelewe anakuwa tayari kubeba gharama.

Kuna mahali pengine neno hilo linatokea, na napenda ubaki napo kichwani hadi mwisho wa makala haya. Ni Matendo ya Mitume sura ya 28. Meli ya Paulo imevunjika, watu 276 wamefika salama kwenye kisiwa cha Melita, ambacho leo tunakiita Malta. Mvua inanyesha na ni baridi. Wenyeji, ambao hawakumjua Kristo, waliwasha moto wakawapokea wote. Hawakuuliza nani ni mfungwa na nani ni askari. Walikoka moto.

Ninyi mliokulia Usukumani mnaujua moto wa namna hiyo. Shikome, moto wa jioni, ndipo wazee walipowafundisha vijana, ndipo habari za siku zilipotolewa. Kupewa nafasi penye shikome ni kuhesabiwa kuwa mtu wa kaya ile. Kinyume chake mnakijua pia. Aliyekiuka amri za jamii na kukataa faini aliyotozwa kwenye dagashida, mkutano wa wote, aliweza kutengwa. Hakuna kumsalimu, hakuna kumsaidia shambani, hakuna kumpa hata moto wa kuwashia jiko. Adhabu hiyo haikuhitaji gereza. Wazee wetu walijua kwamba mwanadamu akinyimwa nyuso za wenzake, anakuwa gerezani akiwa kwake.

Nyoka na macho mekundu

Sasa tulilete neno hili hapa nyumbani tulipime. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na wilaya zake ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, yenye watu zaidi ya milioni mbili kwa sensa ya mwaka 2022. Ni nchi yenye makanisa pia. Jumapili asubuhi, AICT, Wakatoliki, Walutheri na Wapentekoste wako njiani, na Waadventista walishatangulia Jumamosi. Lakini ni katika Kanda ya Ziwa hii hii ambako kwa miaka mingi wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya kushukiwa uchawi, na moja ya "ushahidi" dhidi yao umekuwa macho mekundu.

Macho yale yametoka wapi? Miti ya kuni imekuwa haba katika sehemu nyingi za Usukuma. Mama amepika miaka hamsini kwa mabua, miti ya pamba iliyokauka na kinyesi cha ng'ombe, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Moshi ule ndio uliowalisha watoto na wajukuu. Ukiyatazama vizuri macho yale, utaona ugali wa maisha yako yote. Halafu mvua inakatika, au mtoto wa jirani anaugua, mpiga ramli anaulizwa, na anayenyooshewa kidole ni yeye.

Mwanazuoni Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyachunguza mauaji haya ya Usukumani. Moja ya mambo aliyoyaangalia ni operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970. Wasukuma walikuwa wamezoea kaya zilizotawanyika, kila moja na nafasi yake. Vijiji viliwaleta pamoja na majirani ambao hawakuwachagua, na hofu na shuku zikapata mahali pa kuota. Sikia somo lililomo hapo, mpendwa. Watu wanaweza kusogezwa karibu na wasipokeane. Unaweza kukaa benchi moja na mtu kanisani miaka kumi, mkapeana mikono ya amani kila Jumapili, na siku mpiga ramli anapomtaja jina ukaamini.

Turudi Melita. Pale pale penye moto, Paulo anaokota kuni, nyoka anatoka na kumng'ang'ania mkononi. Wenyeji wale wale waliompokea wanatazamana na kusema bila shaka huyu ni muuaji, haki inamfuata. Wameona alama mwilini mwake, wakatoa hukumu. Walipomwona hajafa wakabadilika na kusema ni mungu. Yote mawili yalikuwa makosa. Paulo hakuwa muuaji wala mungu. Alikuwa mtu mwenye baridi aliyeokota kuni.

Hiyo ndiyo hatari ya kuusoma mwili wa mtu kama ramli. Macho mekundu, ngozi nyeupe, mgongo uliopinda, utasa, ujane wa mapema, vyote tumevifanya kuwa nyoka wa kutuambia siri ya mtu. Serikali ilipiga marufuku ramli chonganishi mwezi Januari 2015. Hata hivyo, hakuna marufuku itakayomfukuza mpiga ramli aliyeko ndani ya kichwa cha mshirika wa kanisa. Huyo anafukuzwa na Injili peke yake, na Injili hiyo lazima ihubiriwe kwa maneno yaliyo wazi. Mzee wa kanisa anayekwenda kwa mpiga ramli usiku na kugawa meza ya Bwana asubuhi hajampokea Kristo. Amemkubali tu, kama tunavyomkubali mwimbaji.

Mtoto aliyelindwa kwa kutengwa

Jaribio la pili ni ndugu zetu wenye ualbino. Kuanzia miaka ya 2007 na 2008 dunia nzima ilisikia habari za mauaji yao katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, na Simiyu haikusalimika. Waliouawa waliuawa kwa sababu mtu aliahidiwa utajiri kutokana na viungo vyao. Mwaka 2008 Rais Jakaya Kikwete alimteua Al-Shymaa Kwegyir, mwanamke mwenye ualbino, kuwa mbunge. Mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Barwany, naye mwenye ualbino, kuwa mbunge wao. Tangu mwaka 2015, tarehe 13 Juni ni siku ya kimataifa ya kuelimishana juu ya ualbino.

Lakini tazama kilichowapata watoto. Wengi walikusanywa kwenye vituo, kikiwemo cha Buhangija mkoani Shinyanga, ili walindwe wasiuawe. Huwezi kulaumu ulinzi ule, uliokoa maisha. Ila fikiria maana yake. Mtoto wa miaka mitano anaondolewa kwa mama yake, anawekwa nyuma ya ukuta, kwa sababu kijiji chake, chenye makanisa, hakikuweza kuaminiwa naye. Aliyehatarisha maisha alibaki nje, asiye na kosa akafungiwa ndani.

Hapo ndipo tunapopaswa kuchunguza hata maneno yetu. Kuna waliowaita "dili", maana yake biashara yenye pesa. Kuna bado wanaosema "zeruzeru" kama vile ni jina la mnyama. Wapo wanaodhani wanamsifu mtoto huyo kwa kumwita malaika, na hapo wanafanya kosa la Melita kwa upande wa pili. Yeye si mzuka, si bahati, si malaika. Ana jina alilopewa siku ya ubatizo au ya kuwekwa wakfu, na kumpokea kunaanzia kwenye jina hilo. Kisha kuna mambo ya kawaida kabisa. Anahitaji kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kujikinga na jua. Haoni vizuri mbali, kwa hiyo akae mbele kwenye Shule ya Jumapili. Ibada ya nje ikifanyika, kiti chake kiwe kivulini. Je, kanisa lako lina kivuli?

Aliyepewa kibali na asipokelewe

Jaribio la tatu ni binti. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepata ujauzito alifukuzwa shule na huo ukawa mwisho wake. Tarehe 24 Novemba 2021 serikali, kupitia Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, ilitangaza kwamba wanafunzi wanaokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, ukiwemo ujauzito, wataruhusiwa kurudi shuleni baada ya kujifungua.

Hicho ni kibali. Binti sasa ana ruhusa, na mwalimu mkuu hana sababu ya kumzuia. Lakini waraka hauwezi kumbebea mtoto wake wakati yeye yuko darasani. Waraka hauwezi kuwazuia wenzake wasimcheke, wala kumnunulia sare mpya kwa sababu ile ya zamani haimtoshi. Kibali kimetoka serikalini. Mapokezi yanatakiwa kutoka nyumbani na kanisani.

Na kanisani hali ikoje? Mara nyingi binti huyu ametengwa na ushirika, akaondolewa kwaya, akasubiri siku ya "kurudi kundini" asimame peke yake mbele ya usharika wote. Nasema peke yake, kwa sababu aliyempa mimba huenda ameketi kwenye benchi la tatu, amevaa suti, na anatoa sadaka. Nidhamu ya kanisa ni jambo la Biblia, sina ugomvi nayo. Ila nidhamu inayomwona aliyevimba tumbo tu na kushindwa kumwona mwenzake ni ramli nyingine ya kusoma mwili.

Na kuna hili la "kumalizana". Binti wa miaka kumi na tano ameharibiwa, wazazi wanakaa na upande wa pili, ng'ombe wanahesabiwa, na yeye anaambiwa akubali yaishe ili asiaibishe ukoo. Huko si kukubali, mpendwa. Kristo hakumwambia mnyonge yeyote akubali kuonewa ili wakubwa wapate amani. Mahali pa jambo hilo ni polisi na mahakamani, na mchungaji anayelijua na kulifunika anashiriki katika kosa hilo.

Je, kupokea ni kuhalalisha dhambi?

Najua kuna msomaji anayeuliza hivi: kama tunapokea kila mtu, utakatifu utakwenda wapi? Ni swali zuri. Mjibuji mzuri ni Zakayo. Yesu alimwita kwa jina, akajialika nyumbani kwake, na watu wakanung'unika kwamba ameingia kwa mwenye dhambi. Ilikuwa ni baada ya kupokelewa ndipo Zakayo alisimama na kuahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake na kurudisha mara nne alichonyang'anya. Yesu hakuihalalisha dhuluma yake hata kidogo. Alitangulia kumgeuzia uso, na uso ule ukamgeuza.

Tofautisha pia mwenye dhambi na mwenye kusingiziwa. Zakayo alikuwa na la kutubu. Bibi mwenye macho mekundu hana la kutubu kuhusu moshi. Mtoto mwenye ualbino hana la kutubu kuhusu ngozi yake. Hao hatuwasamehi, kwa kuwa hawajatukosea. Hao tunawaomba msamaha.

Na kuna wale ambao jamii yote inawaogopa kwa haki. Sauli wa Tarso alipofika Yerusalemu, wanafunzi walimwogopa, na walikuwa na sababu, mikono yake ilikuwa na damu. Barnaba ndiye aliyemchukua, akampeleka kwa mitume na kusimama kama mdhamini wake. Kama Barnaba angebaki amekaa na kusema tu, "Namkubali yule ndugu," huenda nyaraka nyingi tunazozisoma kila Jumapili zisingekuwepo.

Wiki hii, fanya haya

Ukitoka ibadani leo, usitafute kwanza watu wa kwaya yako au wa ukoo wako. Mtafute bibi anayekaa pembeni na kutoka wa kwanza. Msalimu kwa heshima yake, "Mwangaluka, mayu," umtazame machoni, yale yale mekundu. Muulize jiko lake likoje. Vijana wa kanisa wanaweza kumtobolea dirisha kwa siku moja, au kumjengea jiko lenye bomba la kutolea moshi. Hilo ni somo la Biblia kuliko semina ya siku tatu.

Kama kuna familia yenye mtoto mwenye ualbino katika mtaa wako, jua njia anayopita kwenda shule, na ajulikane kwamba kanisa linaijua. Wauaji wanapenda mtu asiye na watu. Kama kuna binti aliyerudi shule, akina mama wagawane siku za kumshikia mtoto. Na jina la mtu likitajwa kwenye maneno ya uchawi ukiwepo, usinyamaze. Sema, "Huyo namjua, ni mtu wetu." Sentensi hiyo fupi imewahi kuwa ukuta kati ya mtu na panga.

Yohana anatuambia katika sura ya kwanza ya Injili yake kwamba Kristo alikuja kwa walio wake, nao hawakumpokea. Yeye anajua mlango uliofungwa unavyosikika kwa aliye nje. Anajua pia Nazareti ilivyomsukuma hadi ukingoni mwa mlima siku ile ile aliyosoma habari za mwaka wa Bwana wa kukubaliwa. Alitangaza kukubaliwa kwa wengine, yeye akakataliwa. Na bado hakugeuza uso wake.

Jioni ya leo utawashwa moto kwenye kaya nyingi za Bariadi, Meatu na Itilima. Tazama walioketi kuuzunguka, kisha tazama aliyebaki gizani. Nenda kamchukue, na mzigo wake uubebe wewe.

Jumapili njema.